Video yako ya droni na taarifa ya habari: umuuzie nani, kwa masharti gani?

Zamani picha za juu zilihitaji helikopta. Leo mto ukivunja kingo, moto ukipanda mlimani, au lori la mafuta likipinduka na kufunga barabara kuu, mara nyingi wa kwanza kuwa na picha hizo ni kijana wa jirani anayerusha droni kwa mapenzi yake tu. Saa haijaisha, simu yake inaita: "Kaka, tunaomba hiyo video, tutaweka jina lako." Hapo ndipo wengi hutoa bure kitu chenye thamani, au hukiuza kwa bei ndogo kwa namna ambayo hawatakigusa tena.

Njia za kuuza ziko nne: kituo cha televisheni cha nyumbani, shirika la habari la kimataifa, wakala wa video za watu binafsi, na hazina za video mtandaoni. Nitazilinganisha, lakini msimamo wangu nauweka mezani mapema. Angalia kwanza kitakachobaki mkononi mwako baada ya kuuza, kisha ndipo uangalie bei. Wapenzi wengi wa droni hufanya kinyume, na hupoteza.

Video yako inazeeka kwa kasi gani?

Video ya lori lililopinduka leo asubuhi ina maisha ya siku moja, pengine pungufu. Kenya, taarifa kubwa ya Kiswahili huenda hewani saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku. Tanzania, watu hukaa mbele ya runinga saa mbili usiku. Mhariri huwa amepanga taarifa yake mapema zaidi ya hapo, na ripota anahitaji muda wa kukata picha na kuingiza sauti. Video inayofika saa nane mchana ina bei. Hiyo hiyo ikifika dakika chache kabla ya taarifa, hata mhariri anayeitaka hana tena muda wa kujadiliana nawe.

Kuna video za aina nyingine, ambazo thamani yake hukua. Maji ya Ziwa Baringo yalipanda miaka hadi miaka, yakameza mahoteli, shule na barabara. Aliyerusha droni kutoka pembe ile ile msimu baada ya msimu ana kitu ambacho hakuna kituo kinachoweza kwenda kukipiga leo. Ndivyo ilivyo kwa nguzo za Daraja la Kigongo–Busisi zikiwa zimesimama majini bila barabara juu yake. Daraja hilo la kilomita 3 lilizinduliwa Juni 2025, na picha za ujenzi hazitapatikana tena. Ndivyo pia kwa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kilomita 27, iliyofunguliwa 2022. Kila habari hizo zikirudi, kwa ajali, kwa bajeti au kwa kesi mahakamani, mhariri hutafuta picha za zamani.

Katikati ya hizo mbili yapo majanga. Mafuriko ya Kenya ya Aprili na Mei 2024, au maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023: siku ya kwanza picha ni habari, mwaka ukizunguka ni kumbukumbu. Muuzaji asiyejua huuza siku ya kwanza na kumbukumbu yote ikaenda nayo.

Kituo cha nyumbani

Faida yake kubwa ni ukaribu. Mhariri anajua mto huo uko wapi, hahitaji kuelezwa kwa nini barabara hiyo ikikatika watu wa mji mzima wanakosa unga, na anapatikana kwa simu. Malipo yanaweza kuja kwa M-Pesa au benki bila kupitia nchi ya tatu. Zaidi ya yote, kituo cha nyumbani kinarudi. Mhariri uliyempa picha safi na maelezo ya kweli mara moja atakupigia tena mvua zikianza, na safari hiyo atakuwa anakuagiza kazi. Uhusiano huo una thamani kuliko malipo ya klipu moja.

Udhaifu wake ni bajeti, na mazoea. Vyumba vingi vya habari vimezoea kupewa video za wananchi bure, kwa ahadi ya jina kwenye skrini. Jina lina faida kama unajenga kazi ya kupiga picha, lakini betri, mafunzo, vibali na bima havilipwi kwa jina. Ukisema bei kwa adabu na mapema, mhariri wa kweli hakasiriki. Anakwambia anaweza au hawezi. Malipo pia hupitia idara ya fedha, kwa hiyo tuma ankara siku hiyo hiyo ukiwa na namba yako ya kodi, KRA PIN au TIN, na ujue kwamba kwa mkazi wa Kenya kodi ya zuio ya asilimia 5 inaweza kukatwa kabla hujapokea.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: "kituo" mara nyingi si kituo kimoja. Nation Media Group ina NTV, lakini pia ina Daily Nation na Taifa Leo. IPP ina ITV na EATV. Ukisema "tumieni", video yako itaonekana kwenye taarifa ya saa tatu, kwenye tovuti, kwenye YouTube, kwenye kurasa zao za mitandao, na fremu moja itachapwa gazetini kesho. Hakuna ubaya wowote, mradi hayo yote yalikuwemo kwenye bei.

Angalia pia nani anayekuomba. Mwandishi wa mkoani au wa kaunti mara nyingi analipwa kwa kila habari inayorushwa. Anaweza kuwa rafiki wa kweli atakayekufikisha kwa mhariri, na anaweza kuwa anaichukua video yako kama sehemu ya habari yake mwenyewe. Muulize waziwazi: "Ndugu, unanunua kwa niaba ya kituo, au nizungumze na dawati la habari moja kwa moja?" Swali hilo haliharibu urafiki.

Shirika la kimataifa

Reuters na AFP zina ofisi Nairobi, na Associated Press nayo ina waandishi wake katika ukanda huu. Mashirika haya huwauzia picha watangazaji wa dunia nzima kwa usajili. Video ikiingia kwao, jioni hiyo hiyo inaweza kuonekana Doha, London na Johannesburg.

Kwa hiyo malipo kwa klipu moja huwa ya juu kuliko ya nyumbani, lakini yanachotaka ni mengi: vyombo vyote, nchi zote, wateja wote, bila kikomo cha muda, pamoja na kuhifadhi kwenye maktaba na kuuza tena. Mara nyingi ni malipo ya mara moja, hata kama video itauzwa miaka kumi ijayo kwa watengeneza filamu. Kumbuka pia kwamba vituo vya kwetu ni wateja wa mashirika hayo. Ukiuza kwa shirika saa tano asubuhi, kituo ulichotaka kukiuzia saa nane kinaweza kuwa kimeshaipata kupitia usajili wake. Mwenye wanunuzi wawili aanze na wa nyumbani kwa ruhusa isiyo ya kipekee (wanatumia, nawe unaendelea kuuza kwingine), kisha aende kwa shirika akiwaambia kweli kwamba kituo fulani tayari kinayo.

Uhakiki wao ni mkali, nami naupenda kwa hilo. Watataka faili halisi kama lilivyotoka kwenye kadi ya kamera, saa na mahali pa kurushia, na picha nyingine za hapo hapo. Watalinganisha paa, mikondo ya mto na vivuli na picha za setilaiti. Kama maelezo yako na vivuli havikubaliani, mazungumzo yamekwisha.

Njia ambayo mashirika na vituo vikubwa hupata video bila kulipa ni ujumbe wa heshima chini ya chapisho lako kwenye X au Facebook: je, ni wewe uliyepiga, na unaturuhusu sisi na washirika wetu kuitumia kwenye majukwaa yote, kwa muda wote, tukitaja jina lako? Ukijibu "ndiyo, karibuni" umeshatoa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka maandishi pale unapohamisha hakimiliki au kutoa ruhusa ya kipekee, lakini ruhusa isiyo ya kipekee inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kueleweka kutokana na mwenendo wako. Neno moja kwenye WhatsApp linatosha. Jibu la busara ni: "Asante kwa kuuliza. Video ni yangu, ruhusa inapatikana kwa malipo, niandikie hapa."

Wakala wa video

Hawa ni kampuni kama Newsflare ya London, ViralHog ya Montana, Marekani, na Storyful, iliyoanzishwa Dublin mwaka 2010 na mwandishi wa habari Mark Little kisha ikanunuliwa na News Corp mwaka 2013. Unapakia video, wao wanatafuta wanunuzi, mnagawana mapato au wanakupa kiasi cha mara moja. Kwa mtu asiyemjua mhariri yeyote, ni mlango wa kweli. Wengine pia hufuatilia walioichukua video bila ruhusa, kazi ambayo wewe peke yako hutaiweza.

Bei yake ni upekee. Mkataba wa kawaida wa wakala unakufunga usiuze popote pengine, mara nyingi kwa maisha yote ya hakimiliki. Vilevile unatia sahihi kwamba ulirusha kihalali na kwamba likitokea dai, gharama ni zako. Mstari huo wa mwisho ndio unaopaswa kusomwa mara mbili na mtu wa droni. Uliza pia pesa zinafikaje: Kenya, PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, ukiwa nchi nyingine ya ukanda huu, hakikisha kabla ya kusaini kwamba wanalipa kwa benki.

Ningempa wakala video ya ajabu ya sekunde 20 isiyohitaji maelezo: kimbunga cha majini juu ya ziwa, tembo wakivuka mto uliofurika. Habari ya kwetu yenye mizizi, inayohitaji mtu anayeijua kata na diwani wake, nisingempa.

Hazina za video

Kwa picha zisizozeeka, weka kwenye Pond5, iliyonunuliwa na Shutterstock mwaka 2022, au Adobe Stock, ambayo hulipa mchangiaji asilimia 35 ya mauzo ya video. Picha yenye watu au majengo ambayo huna hati za idhini huenda kama picha ya matumizi ya habari tu. Pesa huja polepole. Kwa tukio la leo, hapa si mahali pake.

| | Kituo cha nyumbani | Shirika la kimataifa | Wakala | Hazina |
|---|---|---|---|---|
| Kasi ya kuuza | Saa chache | Saa chache, baada ya uhakiki | Siku hadi wiki | Miezi |
| Malipo kwa klipu | Ya chini, yanajadiliwa | Ya juu zaidi, mara moja | Mgawo, hayatabiriki | Madogo, yanajirudia |
| Wanachotaka | Mara nyingi hawasemi; sema wewe | Kila kitu, milele | Upekee | Ruhusa isiyo ya kipekee inawezekana |
| Maswali juu ya vibali | Machache | Mengi | Unatia sahihi kuwa unavyo | Unatia sahihi kuwa unavyo |
| Kazi ya baadaye | Inawezekana sana | Inawezekana | Hapana | Hapana |

Kuuza ruhusa au kuuza vyote

Mji mmoja ulitoa mifano miwili ndani ya miezi kumi na minne. Machi 1991, huko Los Angeles, fundi bomba George Holliday alirekodi kutoka roshani ya nyumba yake polisi wakimpiga Rodney King. Aliipeleka kanda kwa kituo cha KTLA na akalipwa dola 500. Video ilizunguka dunia nzima. Baadaye aliwashtaki watangazaji, na kesi ikatupwa.

Aprili 29, 1992, polisi hao walipoachiwa na mji ukawaka, kampuni ndogo ya Los Angeles News Service ilipiga kutoka helikopta dereva Reginald Denny akishambuliwa njia panda. Kampuni hiyo ilisajili hakimiliki na kutoa ruhusa kwa vituo kimoja kimoja. Kituo cha KCAL kiliomba, kikanyimwa, kikapata nakala kwa kituo kingine na kuirusha. Mahakama ya kwanza ilikubali utetezi kwamba matumizi yalikuwa ya haki kwa sababu ni habari. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ilikataa kulimaliza jambo hivyo. NBC nayo ilikuwa na ruhusa halali, lakini picha zilinakiliwa na Visnews, shirika ambalo NBC, Reuters na BBC walikuwa wabia, zikapelekwa kwa wateja wa Ulaya na Afrika. Mwaka 1998 mahakama ilikataa utetezi huo pia.

Picha zote mbili zilikuwa habari kubwa kuliko bei yoyote. Mmoja alikabidhi kanda bila masharti yaliyoandikwa. Mwingine aliandika nani, wapi, mara ngapi, na kwa hiyo alikuwa na cha kusimamia mahakamani. Hata hivyo ilimlazimu kupigana kwa miaka. Kwa sisi tusio na mawakili, sharti moja lina uzito kuliko mengine: "hairuhusiwi kumpa mtu wa tatu". Liandike kila mara.

Kwa vitendo una ngazi tatu. Ruhusa isiyo ya kipekee ni kwamba wanatumia na wewe unaendelea kuuza; hii iwe kawaida yako. Upekee wa muda ni kwamba hauuzi kwingine kwa saa 24 au siku tatu. Huu una thamani halisi kwa kituo kinachoshindana, na ndiyo silaha nzuri ya kupandisha bei bila kupoteza chochote cha kudumu. Kuuza haki zote ni kuagana na video. Mimi ningelikubali hilo kwa kazi ya kuagizwa tu, siyo kwa tukio ulilolipata mwenyewe.

Hakimiliki inazaliwa unapobonyeza kitufe cha kurekodi. Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, KECOBO ya Kenya, COSOTA ya Tanzania Bara au COSOZA ya Zanzibar, si sharti, ila kunakupa ushahidi. Hata kuiweka mtandaoni hakuifanyi video kuwa mali ya umma. Mpigapicha Daniel Morel aliweka Twitter picha za tetemeko la Haiti Januari 2010, AFP ikazisambaza, na mwaka 2013 baraza la raia waamuzi (jury) la mahakama ya New York likamwamulia dola milioni 1.2 dhidi ya AFP na Getty Images. Ukitaka kuonyesha, weka sekunde 15 zenye ubora mdogo na jina lako katikati ya picha, na faili kamili libaki kwako.

Burudani au biashara

Hili ndilo linalowakamata wengi. Kenya inafuata kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020: droni isajiliwe kwa mamlaka ya anga, KCAA, na kurusha kwa malipo kunahitaji cheti cha mwendeshaji na rubani mwenye leseni. Sehemu kubwa ya Nairobi iko karibu na viwanja vya JKIA, Wilson au kambi ya Eastleigh, kwa hiyo anga si huru hata ukiwa juu ya paa lako mwenyewe. Tanzania unahitaji kibali cha mamlaka ya anga, TCAA, pamoja na kibali cha Wizara ya Ulinzi. Hifadhini, KWS au TANAPA wana neno lao.

Je, nikirusha kwa burudani, tukio likatokea, naweza kuuza baadaye? Marekani swali hilo lilijibiwa na mamlaka ya anga, FAA, Mei 2015: kinachoangaliwa ni nia wakati wa kurusha. Aliyerusha kwa burudani na baadaye akaamua kuuza hakubadilisha aina ya safari yake. Aliyerusha akiwa tayari anafikiria kituo cha televisheni hakuwa kwenye burudani. Tangu Agosti 2016 wengi wameacha kubishana na nia, wakafanya mtihani wa cheti cha Part 107, kinachoruhusu kurusha droni kwa biashara, na kwa ndugu zetu walioko Minneapolis au Dallas ndilo ningelowashauri. Ulaya na Uingereza, tangu mwisho wa 2020, kanuni hutazama hatari ya safari, siyo kama umelipwa. Usibebe nafuu ya nchi moja kwenda nyingine. Droni ya chini ya gramu 250 inaachiwa baadhi ya mambo Marekani na Ulaya; usidhani hivyo hivyo Nakuru au Dodoma. Andikia mamlaka barua pepe, hifadhi jibu.

Safari isiyo halali usiiuze. Jina lako likitokea chini ya picha kwenye taarifa, umejitangaza kwa nchi nzima kuwa ndiwe uliyerusha. Kama huna vyeti lakini uko penye tukio, mtafute mwendeshaji mwenye cheti, arushe yeye, mgawane. Helikopta ya uokoaji ikionekana au ikisikika, shuka mara moja. Hakuna klipu inayolingana na hilo. Na miili ya waliokufa, au mama anayelilia nyumba yake iliyozolewa, usivisogelee kwa lenzi ya kukuza. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha, na sheria za taarifa binafsi za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zipo, lakini hata zisingekuwepo, wale ni jirani zetu.

Faili lenyewe

Watangazaji wa ukanda wetu hufanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde. Droni nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye 30. Badilisha kabla ya kuruka. Piga kwa upana, si kwa wima. Acha kuzungusha kamera huku na huku: shikilia picha moja kwa sekunde kumi bila kuigusa, kisha nyingine. Mhariri atatumia sekunde tano za kila moja, akianza na ya mbali inayoonyesha mahali, kisha ya karibu, kisha ya kamera ikitazama chini moja kwa moja. Droni hairekodi sauti, kwa hiyo rekodi mto au umati kwa simu ukiwa chini, dakika moja. Wengi hawaleti na wahariri huishukuru sana. Usitie muziki, usiongeze rangi. WhatsApp hubana video, tuma kama dokyumenti au kwa kiungo cha Google Drive. Hifadhi faili la SRT linaloandika mahali na urefu wa droni, kwa sababu ndilo ushahidi wako.

Ningechagua hivi

Tukio la leo la eneo lako, una namba ya dawati: kituo cha nyumbani, ruhusa isiyo ya kipekee, ukiongeza upekee wa saa 24 kama wanaulipia. Janga linaloiita dunia: kituo kwanza, shirika mara moja baadaye, lakini ukiwaomba mashirika kikomo cha miaka hata kama huenda wakakataa. Huna mtu yeyote unayemjua na video inajieleza yenyewe: wakala. Ujenzi, maziwa, miji inayokua: usiuze kwa haraka, endelea kurudi pembe ile ile.

Ujumbe wa kwanza kwa mhariri uwe mfupi na kamili, kwa mfano:

"Habari za asubuhi, Mhariri. Nina video ya droni ya mto ulivyokata barabara kuu, niliyoipiga leo saa 4:20 asubuhi. Dakika 2 na sekunde 10, 4K, fremu 25, pamoja na sauti ya chini. Rubani ana leseni na kibali cha kuruka kipo. Nimeambatanisha sekunde 15 zenye jina langu. Natoa ruhusa isiyo ya kipekee kwa televisheni na tovuti yenu, siku 30, pamoja na jina langu kwenye picha. Hairuhusiwi kumpa mtu wa tatu. Bei ni shilingi kadha. Faili kamili nitaituma mkikubali kwa maandishi. Nitasubiri hadi saa nane mchana, kisha nitaipeleka kwingine."

Saa nane inampa nafasi ya kuiingiza kwenye taarifa ya jioni, nawe inakubakishia saa za kumfikia mnunuzi wa pili. Ikifika saa saba hajajibu, mpigie simu; siku ya tukio kubwa dawati hupokea ujumbe mwingi kuliko linavyoweza kusoma.